Ubeti wa Murugi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Wambugu, Bwana Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Majengo, Kagio na hata Nanyuki, nanyi wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu: hamjambo?

Nimeambiwa niage kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi nitajaribu. Furaha sina, nimekasirika.

Bwana Mwenyekiti amenisifu hapa, ati mimi Nasirumbi nimewafungua watoto macho. Basi mbona macho yalipofunguka mkaniombea uhamisho?

Wageni ambao hamkuwepo, ngoja niwaeleze. Mimi ni mtu wa Bungoma, na Kikuyu changu ni cha sokoni. Kwenye harambee ya maabara mpiga gitaa aliimba mugithi, zile nyimbo za Kikuyu za kuchezewa, ukumbi wote ukacheka, mimi sikuelewa kitu. Kesho yake nikauliza darasani. Shiro akasema, "Mwalimu, ati hujui? Ni mzee ako na gari, anaita msichana wa shule, anamwambia awache vitabu apande."

Nikawauliza: katika wimbo huu, nani anaongea, na nani anaongelewa bila kupewa nafasi ya kujibu? Kuuliza hivyo, vyuoni wanakuita falsafa ya ufeministi. Sisi tulikuita kipindi cha Ijumaa. Wakaleta vipindi vya televisheni, matangazo ya sabuni, video za kwenye simu, na swali likawa lile lile. Wavulana ndio waliobishana zaidi, na nilifurahi.

Siku ya wazazi, mvulana wa darasa langu, Griffins, akaimba ubeti wa yule mzee. Mlicheza! Akina baba wazima mlisimama mkamtuza noti. Kisha Murugi, msichana wa darasa hilo hilo, akaimba ubeti wa msichana, aliotunga mwenyewe: "Mzee, nenda na gari lako. Binti yako na mimi tunakaa dawati moja."

Hakuna aliyecheka. Jumatatu Griffins alikuwa darasani na Murugi alikuwa nyumbani, amefukuzwa, ati amewakosea wazee heshima. Griffins mwenyewe alienda ofisini akasema, "Kama ni makosa, tuko wawili. Nitumeni pia mimi home." Akaambiwa arudi darasani. Kijana, simama wakuone. Wewe umelielewa somo kuliko bodi nzima.

Mzee akiimba, ni utamaduni. Mtoto akimjibu, ni utovu wa nidhamu? Mliogopa nini? Matusi? Hakukuwa na tusi hata moja. Mliogopa kwa sababu mzee aliyeimbiwa si wa kwenye wimbo tu, alikuwa ukumbini, na wengine hapa mnamjua.

Mtihani wa mwisho wa mwaka unaanza wiki ijayo. Murugi yuko Majengo, anauza mboga na mamake. Asipoufanya atarudia mwaka, na mamake ameshaniambia kurudia hataweza. Hapo shule itakuwa imekwisha kwake, na mtoto huyo ana akili kali!

Mimi nitahama, ualimu ndivyo ulivyo. Blanketi mliloninunulia ni zuri, mpeni mwingine. Bwana Mwenyekiti, ukiinuka kunijibu, usinisifu tena. Sema Murugi anarudi lini.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Sasa ni zamu yangu kusikiliza, na sishuki hapa mpaka nisikie siku.