Bi Nukta na Ripoti ya Bonde

Mhazili wa kituo chetu cha utafiti wa changamoto za dunia anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Tunamwita Bi Nukta, maana hakuna mtafiti, hata awe profesa, aliyewahi kumpitishia sentensi isiyo na nukta.

Alianza na taipureta ambayo herufi K ilikuwa ikinata. Ukame, vita, maradhi, njaa, joto: yote yalipita vidoleni mwake kabla hayajamfikia mkubwa yeyote. Alipenda kututania kwamba sisi tunaichunguza dunia, yeye anaisahihisha tahajia.

Mwaka wake wa kumi na tisa alichapa ripoti iliyosema kuwa mvua zikizidi, bonde lililo chini ya mji litafurika. Dada yake mkubwa aliishi humo na wajukuu wawili. Bi Nukta alimpigia simu mchana uleule.

"Dada, hameni."

"Hayo ni ya maprofesa, mdogo wangu. Diwani hajatuambia kitu."

Kweli diwani hakuwa na la kuwaambia. Nakala yake ilikuwa bado kabatini kwetu, ikisubiri sahihi ya mkurugenzi. Wiki ya tatu mto ukapanda. Wale wajukuu waliokolewa juu ya paa la bati. Bibi yao alipatikana siku ya nne.

Bi Nukta aliporudi kazini tulitaka ripoti ya maafa ichapwe na mwingine. Alikataa. Alipofika kwenye idadi ya waliokufa, alisimamisha kazi na kudai yaandikwe majina. Tulibishana naye siku nzima. Majina yakaingia, kurasa mbili.

Tangu hapo kila ripoti aliifupisha ikaenea ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha sokoni, akaupeleka kwa miguu kwa viongozi wa mitaa, sahihi iwepo isiwepo. Alipewa barua mbili za onyo. Mto ulipofurika tena miaka minne iliyopita, nyumba nyingi zilikuwa zimeshahamwa. Nyingine hazikuwa. Hakutaka pongezi, aliuliza tu ni mtaa gani hakuufikia.

Dunia anayotuachia kwenye mafaili si nafuu kuliko aliyoikuta, na mtu wa kushika nafasi yake hajatafutwa.

Asante, Bi Nukta. Miaka kumi na miwili tumeshindwa kukutazama machoni na kusema samahani. Leo tunaisema, kwa maandishi, mbele ya wote. Uwe na afya njema na siku tulivu, wewe na wale watoto wawili uliowalea.