Kioo Alichokiacha Maman Emerance

Ndugu, majirani na wapendwa wote mlioacha kazi zenu kuja kutusindikiza, familia inawaomba mtege sikio, maana maisha ya Maman Emerance Gasana si ya kusomwa haraka-haraka.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 huko Bagira, Bukavu, binti wa kwanza wa Mzee Gasana na Maman Patricie, akasoma shule ya msingi hapohapo, na mwaka 1974 akaanza kujifunza kwa Mzee Cirhuza, fundi wa kuchora kwenye kioo, kazi inayopakwa rangi upande wa nyuma na kutazamwa upande wa mbele, kwa hiyo jicho la ndege hutangulia kichwa, kichwa hutangulia majani, na mbingu huja mwisho kabisa, na ole wako ukisahau jicho!

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Papa Donatien Buhendwa, mkata vioo wa Kadutu, Mungu akawajalia Honorine na Ganza, na mwaka 1996 wakahamia ng'ambo ya mpaka, hapa Kamembe, ambako alichora ndege wa msitu wa Nyungwe, samaki wadogo wa ziwani tunaowaita sambaza na mpunga wa Bugarama, hata wachuuzi wa mpaka wa Rusizi ya Kwanza wakawa wanavusha kazi zake mgongoni, zimefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Na Papa Donatien, mwanaume asiyeweza kuona kitu akanyamaza, kila asubuhi aliinamia kioo kilichoanzwa na kubahatisha kitakuwa nini, akakosea karibu kila mara, mke wake akicheka mpaka brashi inamtoka mkononi, wala hakumwambia jibu hadi mbingu ipakwe.

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulimzidi, na tarehe 3 Februari 2025 alituacha akiwa hospitalini, mkono wake ndani ya mkono wa Honorine. Mezani kwake kumebaki kioo kimoja chenye jina lake pembeni, maana nalo hutangulia, na alama tatu nyekundu, basi. Papa Donatien hapati usingizi, amewauliza watoto, amemuuliza hata padri, na leo anawauliza ninyi, kama kuna yeyote aliyenong'onezwa na Maman alitaka kuchora nini, tafadhali asiondoke bila kumwona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wachoraji wenzake mliovuka mpaka kutoka Bukavu, Mungu awabariki sana.

Jana Papa alibahatisha tena, akasema alama zile nyekundu ni midomo ya makinda watatu wanaosubiri kulishwa, kisha akageuka kungoja kicheko, na hakikuja.

Maman Emerance, upumzike kwa amani.