Bila Ubao, Hakuna Sahani

Wasikilizaji wapendwa, Maalim Guhad Shire hatunaye tena. Maalim wa duksi, chuo cha Kurani, ya kijiji cha Dasheg, huku kwetu Wajir, amefariki Jumatatu kwa homa ya siku tatu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mvua ilikosekana misimu mitatu. Mbuzi waliisha, ngamia wakafuata. Shirika moja la Kiislamu likaleta sufuria, mchele na maharage, chakula cha wanafunzi wa duksi. Na mwanafunzi alijulikana kwa ubao wake, ule wa kuandikia aya kwa wino wa makaa. Bila ubao, hakuna sahani.

Siku moja akaja Idil, mtoto wa kike wa miaka minne, mikono mitupu. Mgawaji akamwambia, "Rudi kwenu, mama. Hiki ni cha wanafunzi." Maalim alikuwapo. Alisikia, akanyamaza. Wiki haikuisha, Idil akazikwa.

"Kimya kile kilimla," anasema mjane wake, Bi Batulo. "Alikuwa akirudia tu: ubao mmoja, Batulo, ubao mmoja!"

Akatwaa msumeno. Akaanza na mlango. Mlango ulipoisha akageukia kitanda. Kitanda cha harusi yao, wasikilizaji! Kila ubao uliotoka ulipata mtoto, na mtoto akapata sahani. Ishirini na sita.

"Nikamuuliza, mzee, kitanda kikiisha utanichonga na mimi? Akasema, wewe mgumu, utanivunjia msumeno."

Anacheka Bi Batulo, kisha anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jumatatu wanaume walitafuta kitanda cha kumbebea, wakakosa. Wakamlaza kwenye blanketi. Mbao za kumfunikia kaburini nazo hazikupatikana. Mdogo wa marehemu, Kusow, akawatazama watoto waliosimama uani, mbao zao vifuani.

"Shemeji, hizo si kitanda cha kaka? Tuazime sita tu, tumsitiri."

"Usithubutu!" Bi Batulo akamkata. "Tafuteni mawe. Ukimfunika kwa hizo, kesho hao sita watakula wapi?"

Wakaokota mawe. Adhuhuri Maalim alizikwa, na kesho yake watoto ishirini na sita walipanga foleni.

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu zimfikie Bi Batulo, ambaye leo analala chini, pamoja na Kusow na watu wote wa Dasheg. Pole pia kwa mama yake Idil. Nawe unayetusikiliza umejinyoosha kitandani, hebu kiguse hicho kitanda. Kina mbao za watoto wangapi?