Majina Aliyoyafuta Anatole

Taksi, basi dogo la abiria, ilipotoka Rubondo, Anatole alikwisha kumweleza jirani yake wa kiti, bila kuulizwa, kwamba anakwenda Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, kuliuzia duka la dawa programu ya kompyuta ya kuhesabu dawa aliyoitengeneza. Jirani huyo, Goretti, alikuwa mwalimu wa kompyuta huko huko Mbarara.

"Yote umeandika wewe, ssebo?" Goretti akauliza, akimwita bwana kwa heshima.

"Yote hapana, dada. Kuna vipande nilikamataka ku interneti. Vya bure."

"Na leseni yao umesoma?"

"Ilikuwa mrefu sana. Nilifutaka."

Goretti alicheka mpaka konda akageuka. Leseni ile, alimweleza, haimkatazi kuuza. Inataka tu majina ya waliotengeneza yabaki ndani, pamoja na maneno ya ruhusa yao. "Watu wamekupa ng'ombe bure, wewe umeona kamba ni nzito?"

Anatole alihisi masikio yakimchoma. Usiku mwingi alikuwa ameupoteza kwa kazi ile. "Sasa mwenye duka akiona majina ya batu wengine, si atauliza mimi nilifanya nini?"

"Mwambie hao hawajui dawa gani inaisha Kamukuzi. Wewe ndiyo unajua."

Anatole akafungua kompyuta magotini na kuanza kuyarudisha yale maandishi. "Nitaweka, lakini chini kabisa, kwa herufi kidogo."

"Kidogo namna gani? Jina lako liko kubwa hivi!"

"Lakini dada, ni programu yangu!"

Taksi ilisimama Mbarara wakiwa bado wanabishania ukubwa wa herufi.