Mwalimu Aliyeifundisha Roboti Kupiga Hodi

Leo ni tarehe 14 Novemba. Wenzangu wa klabu ya bahari wamenichagua niandike ukurasa huu wa jarida la shule, nami nimeahidi kusema yote, hata yanayotukosesha usingizi. Mwalimu wetu wa biolojia anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na mmoja.

Kwa muda mrefu alifundisha bahari kwa chaki. Kaka yangu, aliyesoma hapa kabla yangu, anasema siku moja Mwalimu alichora jongoo bahari ubaoni na darasa zima likaapa ni gunzi. Kisha kituo cha utafiti wa bahari kikatafuta walimu wa kusaidia kuchunguza makazi ya viumbe chini ya maji kwa roboti ndogo yenye kamera. Wengine walikwepa. Yeye alikwenda kozini likizo nzima, akarudi na roboti ndani ya boksi la plastiki, pua imembambuka kwa jua.

Roboti tuliiita Shangazi, maana inachungulia kila nyumba. Mwalimu alicheka, ila akaweka sharti kwamba Shangazi apige hodi. Yaani akifika ukingoni mwa nyasi bahari, rubani azime mota, asubiri tope litulie na wenye nyumba wamzoee. Ndivyo tulivyochora ramani ya nyasi zote za ghuba yetu, na kituo kinaitumia.

Muhula uliopita rubani wetu, mwanafunzi mwenzetu anayeiendesha, alikuwa na haraka, akaingia bila hodi. Tope likatimka, skrini ikawa nyeusi, waya unaoiunganisha nasi gatini ukanasa kwenye matumbawe. Tulijua roboti ikipotea hatupewi nyingine. Tukaushika waya tuvute, na mwalimu wa kemia, aliyekuja kutusindikiza na kusimama mbali na ukingo wa gati, akatuhimiza tukaze mikono. Mwalimu wetu hakupandisha sauti.

"Legezeni, wanangu," alisema. "Mnamvuta mtu aliyenaswa nguo mlangoni. Atachanika."

Tukalegeza, hadi maji yalipotakata na rubani akaitoa kinyumenyume. Baadaye aliagizwa awaombe samaki radhi, na aliwaomba kweli, mbele ya skrini.

Sasa kituo kimesema roboti itabaki shuleni endapo tu kuna mwalimu aliyefunzwa kuisimamia. Mpaka leo hajapatikana. Mwalimu wa kemia alipoulizwa alisema yeye na maji hukutana bafuni tu. Lakini Jumanne nilimwona gatini peke yake, amekumbatia nguzo, akitazama chini kwa muda mrefu.

Mwalimu, asante kwa kutuonyesha majirani ambao hatukujua tunao. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele na wajukuu wenye maswali mengi. Bado una wiki mbili nasi, na wewe na mwalimu wa kemia mnakaa meza zinazopakana katika chumba cha walimu. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa: ukimwomba wewe mwenyewe, kweli atakataa?