Rejista Ambayo Mwalimu Kiprugut Hakuitoa

Ijumaa hii, tarehe 11 Desemba 1959, Mwalimu Reuben Kiprugut anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, na kati ya hiyo ishirini na mmoja akiwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya misheni hapa juu Mau Narok. Kuanzia Januari kiti chake nitakikalia mimi, Thuo, msaidizi wake tangu 1951. Kamati ya shule imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha ya kumuaga. Nitajaribu, lakini kuna jambo ambalo lazima nilimalize kabla sijapokea funguo, na halichangamshi.

Alianza kazi mwaka 1927 katika ghala la ngano ambalo mwenye shamba alilihitaji tena kila mavuno. Watoto walizoea kuombea ngano ichelewe kuuzwa ili likizo iwe ndefu. Mwalimu aliyajua maombi hayo, na nadhani naye alikuwa akisema amina kimoyomoyo.

Kila mwalimu wa misheni hutia sahihi ahadi: hatalewa, hatavuta tumbaku, hatasema uongo. Wengi wetu tulitia sahihi tukaendelea na mambo yetu. Kiprugut yeye aliamini kwamba mtoto hamsikilizi mwalimu, anamtazama. Jumatatu za ukaguzi wa kucha alisimama kwenye mstari na wanafunzi, mikono mbele. Wanjugu wa darasa la kwanza aliwahi kumrudisha akanawe, naye akaenda, shule nzima ikivunjika mbavu. Katika rejista aliandika sababu mbele ya kila jina la asiyekuja. Siku aliyochelewa yeye, alijiandika kwa wino mwekundu: "Mwalimu: alilala mno."

Tabia hiyo ya kuandika kila sababu ndiyo ilitutia mashakani Machi 1954, katikati ya Hali ya Hatari.

Jumanne moja watoto saba hawakuja, wote Wakikuyu, wote wa safu moja ya nyumba za vibarua. Mwalimu, kama kawaida yake, aliuliza majirani, akaandika mbele ya kila jina: wazazi wamemzuia nyumbani. Hakujua kwamba wazazi hao walikuwa wamekula kiapo cha Mau Mau, na wamewafungia watoto ndani wasije wakaropoka shuleni. Kesho yake habari zilienea kwamba serikali imepata fununu ya kiapo hicho na inatafuta nyumba zenyewe. Jibu lilikuwa kwetu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Ukurasa ule ungesomwa, familia saba zingepakiwa kwenye lori kupelekwa kizuizini.

Alhamisi afisa alifika na askari wanne tukiwa mstarini. Alitaka rejista. Kiprugut ni Mkipsigis; angeitoa na hakuna ambaye angemgusa. Mimi ni Mkikuyu, na pasi yangu, kibali cha kukaa hapa, ilikaguliwa kila wiki. Nilimjua mkubwa wangu: hadanganyi. Nikamwahi. Nikasema paa lilivuja, rejista ikaoza, tukaichoma. Nilisema bila kigugumizi, tena kwa tabasamu. Watoto themanini walinitazama, na wote walikuwa wameitwa majina kutoka rejista hiyohiyo siku iliyotangulia.

Afisa aligeuka aondoke. Ndipo Mwalimu akavua kofia.

"Bwana, huyu mwalimu ako chini yangu, makosa yake ni yangu. Rejista iko. Nimeificha, na mimi sitapeana."

Nilipigwa kofi moja, nikaachwa. Nyumba yake ilipekuliwa hadi darini. Mkewe, Mama Chepkemoi, alikuwa ameketi juu ya gunia akimenya viazi, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mwalimu alipelekwa Nakuru, akafungwa miezi mitatu. Kila nilipopika chai nilisikiliza kama kuna lori linalopanda mlima, kwa sababu nilijua huko alikokuwa hawaulizi kwa upole. Hakuna lori lililokuja kwa ajili ya rejista. Familia mbili zilihamishwa baadaye kwa mambo mengine. Tano bado ziko hapa, na binti zao wawili ndio watakaotugawia chai Ijumaa.

Nilimkasirikia sana. Aliniaibisha mbele ya watoto, na uongo wangu ulikuwa unaelekea kufaulu! Mpaka leo sina hakika kwamba alifanya la busara. Najua tu kwamba aliwaokoa watu walewale niliotaka kuwaokoa, na yeye akalipa.

Aliporudi Juni, amekonda, shati likimpwaya, aliniomba jambo moja: nisimame mbele ya watoto niwaambie kwamba nilidanganya, kwa kuwa waliniona, na wangeshika nilichofanya kuliko chochote nitakachofundisha. Nilikataa. Nilimwambia hilo ni jambo kati yangu na Mungu. Hakuniomba tena. Hakumweleza kasisi wa misheni yetu. Mwaka huu kamati ilipomuuliza nani achukue nafasi yake, alitaja jina langu na hakutia doa lolote.

Basi naandika hapa, ili kila mtu asome. Nyakio, Nderitu, Mathenge, na nyinyi wote mliokuwa mstarini asubuhi ile: niliwadanganya mkinitazama. Niliogopa, halafu nikajivunia, na la pili ndilo baya zaidi. Mnisamehe. Kama kamati itaona mtu wa namna hii hafai kupewa funguo, itamke Ijumaa hiyohiyo, nami nitakubali.

Mwalimu Kiprugut, shule inakushukuru, na wewe Mama Chepkemoi vilevile. Huko Keringet mnakohamia muone mavuno mema, magoti yasiume, wajukuu wajae uani. Mimi nakushukuru kwa lingine: kwa miaka mitano na nusu umenisalimu kila asubuhi kama mtu ambaye tayari ameshasema ukweli.