Viungio Nilivyoving'arisha kwa Limau

Wapendwa, Bwana apewe sifa zake kwanza, ndipo mimi nipewe nafasi. Wiki iliyopita mwenyekiti wa jumuiya yetu aliponitazama nitoe ushuhuda, nilijifanya natafuta kiatu mlangoni. Leo nimekaa mbali na mlango makusudi. Nisikilizeni tu, na nikianza kulia msinianzishie pambio, nitamaliza.

Kazi yangu mnaijua, nasafisha makapeti na masofa hapa Tunduma. Vumbi la malori haliishi, kwa hiyo na kazi haiishi. Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, ng'ambo ya mpaka, pale Nakonde upande wa Zambia. Inapiga maji ya moto yenye sabuni kwenye kapeti, halafu inayafyonza. Mpira wa maji ulikuwa umeshikwa na viungio vya shaba, vile vya kukaza kwa kuzungusha kwenye hesi, ile mifereji yake. Nawaambia ukweli, nilivipenda vile viungio kuliko mashine yenyewe.

Mimi ni wa Isongole. Kwetu, wasichana wa kwaya ndio tulikuwa tunasugua vinara vya shaba vya kanisani kila Jumamosi, kwa limau na majivu, mpaka mchungaji ajione uso. Shaba ikififia ilikuwa aibu ya mama yako. Basi na mimi, mtu mzima na wanangu, kila Jumamosi nakaa kibarazani na limau langu na majivu, nasugua viungio. Nje, ndani, mpaka kwenye hesi. Wateja wakija wanasifia, na kichwa changu kinavimba.

Vikaanza kuvuja. Nikakaza zaidi. Vikitoa ukijani, ile kutu ya shaba, nasugua zaidi. Ndugu zangu, niliharibu kwa bidii sana.

Siku moja nikaitwa kwenye nyumba ambayo kesho yake binti alikuwa anaagwa kwenda kuolewa. Kapeti ni la rangi ya maziwa, mama wa nyumba ameletewa na wanawe. Nikawasha mashine, maji yakachemka. Nimeinama hivi, kiungio kikachomoka. Maji yakanivaa mkono huu mnaouona, na yaliyobaki yakamwagika kapetini pamoja na ukijani wote uliokuwa umejificha ndani. Doa kubwa kama sinia, katikati ya sebule ya sherehe.

Yule mama alinimwagia maji baridi mkononi muda mrefu, akanipeleka hospitali. Tulipofika akasema, "Upone. Ila kwangu usirudi na kazi yako hiyo."

Maneno yale yaliniuma kuliko mkono. Mtu anayeingia sebuleni kwa watu anaishi kwa kuaminiwa, na Tunduma habari hazingoji usafiri. Simu ikanyamaza. Nikaifunika mashine kwa kitenge kikuukuu, nikasema ina mkosi. Baadhi yenu humu mlikuja kwangu mkaiwekea mikono mkaikemea. Nawashukuru, mlikemea kwa moyo wote. Lakini wapendwa, halikuwa pepo. Lilikuwa limau.

Hilo nililijua siku nilipoivusha mashine kwenda kuiuza. Fundi mmoja wa mipira ya breki za malori, Mzambia, alipitisha ukucha kwenye hesi, akaniangalia. Akaniuliza, "Bamayo," yaani mama kwa lugha ya kwao, "hivi vimesuguliwa na nani?" Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba ni mimi. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akanieleza kwa upole kwamba shaba ni laini, majivu yalikuwa yanazila hesi, limau linasaidia, na sabuni yangu kali inamalizia. Ningeiacha ififie, ingenitumikia miaka. Ila kwa maji ya moto ya kila siku akanishauri nifunge viungio vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, tena pande zote mbili, maana stenlesi ikikazwa kwenye shaba, shaba ndiyo inayoisha.

Sikuiuza. Nikafunga stenlesi kila mahali, haina mvuto wowote, imekaa kama sufuria ya kila siku. Lakini kuiwasha sikuweza. Nikisikia maji yanaanza kuchemka, mkono unajikunja wenyewe. Nikaona hapana, mkono ni wangu, lazima unitii. Nikawasha, nikazima, nikakaa nje nikalia. Nikarudi nikawasha tena. Niliendelea hivyo mpaka nikaweza kusimama kando yake naimba.

Kazi ya kwanza sikwenda kuitafuta kwa mteja mpya. Niliipakia mashine kwenye guta nikaenda nyumba ile ile, nikapiga hodi. Mama akafungua, akasimama katikati ya mlango.

"Nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisirudi, mama. Nimekuja kuondoa doa langu."

"Na kikichomoka tena?"

"Kitaanza na mimi."

Akautazama mkono wangu, makovu bado mabichi. Akapisha.

Ukijani niliutoa kwa limau. Ndiyo, limau lile lile, safari hii mahali pake, taratibu na kitambaa cheupe. Kisha nikawasha mashine. Nilipogeuka nikamkuta yule mama amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji baridi, tayari kwa ajili ya mkono wangu. Hakuondoka hapo mpaka nikazima. Hakuna kilichochomoka. Akaniambia ninawe uso kwa maji yale, maana nilikuwa nimelowa jasho na machozi bila kujijua.

Nawashukuru mlionipikia nilipokuwa nimefungwa mkono. Namshukuru yule fundi, popote alipo leo, pamoja na kicheko chake. Na mkiniuliza nimejifunza nini, nitasema kazi ya kiungio ni kushika. Nilikuwa nakidai king'ae, kikaacha kushika. Kagueni na ninyi mnachokisugua kwenu, kwenye ndoa, kwenye huduma, kwa watoto. Na mkiangusha kitu nyumbani kwa mtu, rudini nyumba hiyo hiyo.

Yule mama simtaji. Ila chai mtakayokunywa leo ameipika yeye, na kapeti lenyewe ndilo hili mmelikalia. Msihangaike kutafuta doa, nimeshalitafuta mimi tangu tulipoingia.